Kikombe cha Mtori Siku ya Tatu

Nimefanya kazi ya unesi miaka mingi kiasi kwamba nikimwona mtu anapita barabarani najua kama tumbo lake liliwahi kupasuliwa. Anavyoshika ubavu akicheka, anavyoogopa kukohoa, nakwambia huyo amepita mezani. Watu hunitania kuwa nina kipaji. Kipaji gani? Ni uchovu tu. Ukitazama kitu kimoja maisha yako yote, kinakuganda machoni hata usipokitaka.

Wodi yetu ilikuwa ya wanaume, ya upasuaji, katika hospitali moja ya Moshi. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, na kila kitu kilikuwa kimekwisha pamoja navyo. Sabuni hakuna. Sukari hakuna. Glavu tulizifua, tukazianika kwenye kamba kama soksi, tukazipaka poda na kuzivaa tena mpaka zitoboke. Zamu moja mlikuwa manesi wawili na wodi nzima, vitanda vimejaa na wengine wamelala chini katikati ya vitanda. Nikienda kwetu Masama watu wananiuliza, "Nesi, umetuletea nini kutoka mjini?" Ningewaletea nini mimi, na foleni nilikuwa napanga kama wao?

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa na migomba huko Masama, mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Alitoa damu chooni karibu mwaka mzima kabla hajafungua mdomo. Mzee wa Kichagga amweleze binti yake habari za choo? Bora afe! Alimwambia mama, na mama akaniambia mimi nilipopanda likizo, tena akiwa amegeuka anapepeta maharage ili tusitazamane.

Na mimi mtaalamu nikasema ni ameba. Siku hizo kila tumbo lililotoa damu lilikuwa ameba, na likikataa kuwa ameba basi lilikuwa bawasiri. Nikampelekea vidonge. Akapata nafuu wiki mbili, damu ikarudi. Nikampelekea vingine, nimevifunga kwenye karatasi, nimempa kondakta wa basi. Miezi minane nilimtibu baba yangu ameba kwa njia ya kondakta. Wanasema mganga hajigangi. Wangeongeza kuwa asigange na wazazi wake.

Aliposhuka Moshi mwenyewe, suruali ameikaza kwa kamba ya mkonge kwa sababu mkanda ulikuwa umekwisha matundu. Daktari wetu wa upasuaji alimpima kwa kidole, akavua glavu, akanawa mikono polepole mno. Alivyonawa vile nilijua.

"Sista, hii si ameba," akaniambia pembeni.

Ilikuwa kansa ya utumbo mpana, chini karibu na njia ya haja. Neno lenyewe hatukuwa tunalitaja mbele ya mgonjwa. Tulisema "uvimbe", mgonjwa naye akaitikia "uvimbe", na wote tukawa tumeelewana. Daktari akanieleza kama anavyomweleza ndugu, siyo kama nesi: atakata kipande kibovu, halafu aunganishe ncha mbili za utumbo kwa nyuzi. Maungio yakishika, mzee anarudi nyumbani. Yakiachia, uchafu unamwagika ndani ya tumbo. Hapo unarudi mezani haraka, unamtolea utumbo ubavuni ajisaidie kupitia huko, na unaomba Mungu.

Baba alipolazwa kwetu niliomba nisihamishwe wodi. Leo nisingeomba. Lakini nani angenishauri? Nilijiona mimi ndiye jicho lake.

Baada ya upasuaji wa utumbo, sheria yetu ilikuwa moja: hakuna kitu mdomoni mpaka mgonjwa atoe upepo. Hapo ndipo tunajua utumbo umeamka. Basi wodi nzima inasubiri ushuzi wa mtu mmoja kama inavyosubiriwa taarifa ya habari. Ukitoka, wagonjwa wenzake wanapiga makofi, "Hongera, mzee!" Nilimweleza mama yote hayo, taratibu, kwa Kichagga na kwa Kiswahili. Mama aliitikia kwa kichwa na kusema, "Haya, mwanangu." Nikajua hajakubali.

Na angekubalije? Kwetu mtu aliyetoka damu anapewa mtori. Mwanamke aliyezaa, kijana aliyetoka jandoni, mzee aliyeanguka kutoka juu ya mti. Ndizi na nyama vinachemka mpaka vinalainika, unaponda, unalegeza kwa supu na maziwa, mtu anakunywa na damu yake inarudi. Hilo halijadiliwi. Na mtori wa mama yangu ulikuwa na jina mlimani kote kwetu. Kukiwa na mwanamke aliyejifungua, kukiwa na harusi, mtu anatumwa, "Mwiteni aje ashike mwiko." Mama hakusoma, hakuwa na cheo katika umoja wa wanawake wala usharikani. Jina lake lilikuwa chungu chake.

Siku ya tatu, saa ya kuona wagonjwa jioni, nilikuwa nimekwenda kuchukua vyombo vilivyochemshwa. Narudi, namkuta baba ameegemezwa mto, mpira tuliompitisha puani kunyonya maji ya tumbo umesukumwa pembeni, na mama amemshikia kikombe cha bati midomoni. Kapuni kwake kuna chupa ya chai, na wodi nzima inanukia mtori.

"Wee mama! Unafanya nini?"

Nilimnyang'anya kikombe kikamwagika kwenye shuka. Alikuwa ameshakunywa karibu nusu. Baba alinitazama tu. Mama akafunga chupa yake, akaifunika kwa kitenge, akaketi.

Asubuhi ya siku ya tano baba alikuwa analowa jasho, tumbo limekaza kama ubao, na bomba aliloachiwa ubavuni baada ya upasuaji linatoa maji ambayo kila aliyefanya kazi wodini anayajua kwa harufu. Maungio yalikuwa yameachia. Wakamrudisha mezani. Mimi nilimsukuma mpaka mlangoni, mlango ukafungwa, nikageuka. Koridoni alikuwepo mama na shangazi zangu wawili, dada zake baba, waliokuja na basi la kwanza.

Nilisema, "Umemuua baba kwa mtori wako."

Nilisema kwa Kichagga, ili liingie vizuri. Watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakainua vichwa. Mama aliangalia mikono yake, akaipangusa kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu.

Baba hakufa siku ile. Aliamka na utumbo umetolewa upande wa kushoto, mwekundu, umechomoza kama mdomo wa mtoto. Kisha mshono wa tumbo ukaoza ukafumuka, tukausafisha kila siku kwa maji ya chumvi, na yeye ameuma shuka ili asilie mbele ya binti yake. Kabla hajaruhusiwa mama alikuwa anajua kufunga kidonda kuliko wanafunzi wetu.

Mifuko ya kubandika ya wagonjwa wa aina ile nilikuwa nimeiona kwenye kitabu tu. Mama alikata kanga kuukuu vipande, akaweka juu yake mfuko wa nailoni, akaufunga kiunoni kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa anagawa bidhaa adimu, kuomba aongezewe mche wa sabuni, na balozi akamwuliza mbele za watu sabuni yote ile anafulia nini. Alisema anafulia. Hakusema nini. Vile vitambaa alivifulia chini kabisa ya mfereji, mahali ambapo maji hayaendi tena kwa mtu, akavianika nyuma ya nyumba, chini ya migomba.

Baba aliacha kukaa mbele kanisani. Alikaa mlangoni, maana tumbo lile lilisema lenyewe bila kuombwa, hata katikati ya mahubiri. Kwenye pombe ya mbege alikwenda mara moja, wenzake wakampa kata kama zamani, tumbo likanguruma, mmoja akacheka. Hakurudi tena. Aliishi mwaka na kitu hivi. Halafu macho yakawa ya njano, ini likajaa uvimbe, na safari hii hapakuwa na cha kukata.

Na hapo ndipo neno langu la koridoni lilipoanza kufanya kazi yake. Kwenye msiba, mama alipoinuka kwenda jikoni, shangazi mkubwa alimshika bega. "Wifi, wewe pumzika." Nikadhani ni kwa sababu ni mjane. Lakini kwenye ubatizo uliofuata ilikuwa hivyohivyo, na kwenye harusi ikawa hivyohivyo. Wifi, pumzika. Wifi, wewe menya tu ndizi. Mwiko akapewa mwingine. Hakuna aliyemtukana, jamani, watu wetu wana adabu. Waliacha tu kumwita. Mimi niliona, na moyoni nilisema anastahili. Naandika ukweli, kama unanichukia nichukie.

Nilipozaa mtoto wangu wa kwanza mama alikuja kunilea, kama desturi. Alinikanda, alimwogesha mtoto, alipika kila kitu. Mtori alimtuma jirani yangu apike. Jirani mwenyewe Mpare! Alipika kitu cha ajabu, chepesi kama uji wa mgonjwa, nikakinywa. Sikumwambia mama, hebu pika wewe. Neno moja tu lile, na sikulisema.

Ikapita miaka. Nikawa sista mkuu wa wodi. Daktari wetu yuleyule, nywele zimeshaanza kumpotea, akaamua kukusanya majalada ya wagonjwa wote aliowapasua kwa kansa ya utumbo, aone nani aliishi, nani kidonda kilioza, nani maungio yaliachia, na kwa nini. Alikuwa amechoka kubahatisha, alisema. Nikawa namtolea majalada stoo, namsomea, yeye anaandika kwenye daftari la mistari. Kazi ya kuchosha roho. Wengi walikuwa wamekuja wamechelewa kama baba, na wengi walikuwa wamepewa vidonge vya ameba kwanza. Ukifungua jalada, panya wamekula pembe, na ndani yake mtu unayemkumbuka sauti.

Jalada la baba nililijua kabla sijalifungua. Sikusema ni la nani. Daktari alikuwa amepasua watu wengi mno, asingeweza kuwakumbuka wote, nami nikamsomea kama mengine: umri, kijiji, uvimbe ulipokuwa. Akaninyooshea mkono nimpe chati ya mapigo na joto. Akaitazama, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari mmoja.

"Huyu maungio yake yalikuwa yameshaachia siku ya tatu asubuhi. Tazama mapigo yanavyopanda, na joto bado halijapanda. Moyo hukimbia kwanza. Nani aliandika hapa?"

Mapigo yalikuwa yameandikwa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane. Kila mara yako juu zaidi. Na pembeni, kwa mwandiko wa duara ninaouandika mpaka leo, neno moja: maumivu.

"Mimi," nikasema.

Aliniangalia, akaangalia jina la kijiji, akakumbuka. Alikuwa mtu mwema, akaanza kunitafutia njia ya kutokea. Maungio huachia hata tukifanya kila kitu sawa, alisema. Sehemu ile ni ya chini, damu haifiki vizuri, na mzee alikuwa ameishiwa nguvu. Nikamwuliza kuhusu mtori. Nilimwuliza mara mbili.

"Kikombe cha mtori? Sista, mshono mzima hauogopi nusu kikombe cha supu. Na huu ulikuwa umeshafumuka kabla ya chakula."

Nilimaliza kumsomea majalada mengine matatu siku ile. Sijui nilisoma nini.

Ningeondoka jioni ileile nikapanda mlimani, si ndiyo? Sikupanda. Nilikaa na neno lile miezi saba. Mara mtoto anaumwa, mara sina nauli, mara basi halina dizeli. Visingizio vilikuwa vingi nchi hii miaka ile, ungeweza kuchagua. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Mama kumkosea nesi si kitu, lakini nesi kumkosea mama!

Mwishowe nilipanda. Nilianzia kwa shangazi mkubwa. Nikamsalimu, shikamoo, marahaba, nikamweleza kwamba mtori haukuwa na kosa, kwamba baba alikuwa ameshaharibikiwa tangu asubuhi, na dalili niliziandika mimi mwenyewe nikaziita maumivu. Alinisikiliza huku anachambua mboga.

"Kumbe," akasema.

Basi. Miaka yote ile, halafu kumbe. Akaniuliza kama nimekuja na majani ya chai.

Kutoka kwake nilipita kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, na kuchuma jani la isale. Mmea ule kwetu unapandwa mipakani na makaburini, na una kazi nyingine moja. Mtu aliyekosa kosa kubwa analipiga fundo jani lake na kumpelekea aliyemkosea, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Nimeona ndugu waliotaka kuuana kwa mapanga wakalipokea na kunyamaza. Sikujua kama mtoto anaweza kumpelekea mama yake. Nilifunga fundo, nikaingia.

Alikuwa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti, nikaweka jani mapajani mwake, nikasema yote, chati, mapigo, neno lile pembeni. Nililia kabla sijafika katikati. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha, akaliweka chini.

"Najua," akasema.

Nikadhani shangazi amemtumia mtu. Sivyo.

"Siku ile ya tatu nilikuja mchana kuleta shuka. Mlinzi akaniruhusu. Baba yako akanishika mkono, akasema tumbo limegeuka tangu alfajiri, limewaka moto. Akasema, nimemwambia mtoto, ameniambia ni gesi, nijikaze. Akasema, mke wangu, naona mimi sitoki humu, nenda ukanipikie mtori wako nionje. Nikakimbia mtaa wa Pasua kwa binamu yangu, nikapika. Nilijua umekataza. Lakini mtu akikuomba hivyo, utamwambia nini?"

Nimejitahidi sana kuikumbuka asubuhi ile. Baba ananiita, mimi nasimama kando ya kitanda, nasema ni gesi, jikaze. Siipati. Nakumbuka wagonjwa wengine wa siku ile, nakumbuka kijana wa Sanya Juu aliyevunjika paja na wimbo aliokuwa anaimba. Baba simwoni. Nilisema maneno yale kwa wagonjwa wengi mno, hayakuacha alama.

"Mama, kwa nini hukuniambia? Nilikutukana mbele za watu!"

"Baba yako alinikataza. Alipozinduka nilimwambia ulichosema, nikamwambia naenda kukusahihisha. Akasema, acha. Wewe huna kazi ya kufukuzwa, yeye anayo. Na hata wasipomfukuza, akijua atajifukuza mwenyewe." Akaokota punje moja ya mahindi iliyoanguka. "Kwa hiyo nikanyamaza. Alipokufa nikaona nikisema sasa, ni kama namzika vibaya."

Alilichukua lile jani, akaligeuza, akakaza fundo ambalo nilikuwa nimelifunga ovyo.

"Isale haikataliwi," akasema. "Nimekusamehe. Tangu zamani, hata kabla hujaja. Lakini isale inaomba msamaha tu, mwanangu, haiombi mtu asahau. Neno lile bado nalisikia, kila nikiinama juu ya chungu. Hilo sina la kukusaidia."

Nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi, sista mkuu wa wodi. Hakunikumbatia wala hakuniambia ninyamaze. Alikaa na jani lake mkononi akisubiri nimalize, kama mtu aliyesimama mlangoni anasubiri mvua ipungue.